Vifaa vya babu vimeshika kutu: nianzie wapi?

Swali la msomaji: "Shikamoo fundi. Babu yangu alikuwa seremala hapa Pangani, akitengeneza milango na vitanda. Alifariki miaka tisa iliyopita, na sanduku lake la vifaa likabaki stoo ya uani, si mbali na bahari. Nimelifungua mwezi uliopita nikakuta randa mbili za chuma, patasi sita, msumeno wa mkono, keekee moja na tezo. Vyote vina kutu, vingine hata maandishi hayasomeki. Rafiki yangu mwenye grenda anasema atavisafisha vyote kwa saa moja. Jirani akanishauri asidi ya betri. Nimejaribu patasi moja, imetoka nyeusi na imejaa vitundu. Nataka kuvitumia, si kuvitundika ukutani. Nifanye nini hapa nyumbani bila kuingia gharama kubwa?"

Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu babu. Rafiki yako mshukuru, lakini grenda yake isiguse sanduku hilo. Asidi ya betri nayo usiirudie tena. Patasi iliyotoboka usiitupe, nitaifikia baadaye, maana huenda bado ina maisha.

Nikueleze kwanza kwa nini naikatalia grenda. Chuma cha patasi na cha kisu cha randa ni chuma cha pua, feleji kama walivyoita wazee. Kimechomwa, kikazamishwa ghafla kikawa kigumu, halafu kikapashwa tena kidogo ili kisivunjike kama kioo. Ugumu huo ndio unaoshika makali. Ukikipasha hadi nyuzi 230 hivi za Selsiasi, utaona rangi ya majani makavu ikitambaa juu yake. Ikikaribia 300 kinageuka buluu. Kikishakuwa buluu, ugumu umeondoka, na hakuna kunoa kutakakourudisha. Grenda kwenye ncha nyembamba ya patasi inafikisha buluu kwa sekunde chache, na chini ya vumbi la kutu hata huioni rangi ikibadilika. Nimeletewa patasi nyingi za namna hiyo. Zinang'aa kama sinia la harusi, lakini ukigonga mninga mara kumi makali yamelala. Tena grenda haichagui: inakula kutu na chuma pamoja, inaviringa kona, inafuta chapa, na tako la randa lililopaswa kuwa bapa linabaki na mabonde.

Sasa tuitazame kutu yenyewe, kwa sababu si kila kilicho juu ya chuma ni adui. Ile ya rangi ya udongo mwekundu ni chuma kilichoungana na hewa na maji. Ina matundu kama sifongo, inavuta unyevu na kuushikilia, ndiyo maana kutu huzaa kutu. Ipo nyingine nyeusi, imeshikamana na chuma, ukipitisha ukucha inateleza. Hiyo ni oksidi ya aina nyingine, haili chuma, na inakikinga kidogo. Kazi yako ni kuondoa nyekundu. Nyeusi iache ilipo, isipokuwa pale panapotakiwa kunolewa. Anayetaka kila kitu kiwe cheupe kama kijiko kipya ndiye anayemaliza chuma alichoachiwa.

Kwa watu wa Pangani, Tanga, Mombasa na visiwani kuna jambo jingine ambalo mtu wa bara halimsumbui sana, nalo ni chumvi. Upepo wa bahari hubeba chembe za chumvi, zikatulia kwenye chuma, zikajificha ndani ya vishimo chini ya kutu. Utasugua leo, utapaka mafuta vizuri, na baada ya wiki mbili madoa yaleyale yamerudi palepale. Si kwamba ulisugua vibaya. Chumvi ilibaki chini. Kwa hiyo kabla ya siki, kabla ya msasa, kabla ya chochote, toa chumvi. Na inatolewa kwa maji, ila maji yenyewe yawe ya mvua. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi. Ukioshea hayo unarudisha ulichotoa. Kinga dumu moja au mawili ya mvua, yatakutosha kwa sanduku zima.

Kabla ya kuosha, fungua kila kinachofunguka. Piga picha kwa simu kila hatua, na skrubu za kila randa ziwe na kopo lake. Hilo la kopo nalisisitiza. Randa za chuma nyingi zilizofika huku zinafuata muundo wa Mmarekani Leonard Bailey, ambao kampuni ya Stanley ilinunua hataza zake mwaka 1869. Record ya Sheffield, Uingereza, ikaanza kutoa za kwake za muundo huohuo mwaka 1931. Zinafanana kwa macho, lakini nyuzi za skrubu zake si zile za bolti za kawaida. Ukipoteza moja, duka la hadware halitakusaidia. Skrubu iliyoganda usiilazimishe. Changanya mafuta ya taa na oili ya gia otomatiki, nusu kwa nusu, dondoshea, acha hadi kesho, ongeza, acha tena. Bisibisi ijae mfereji wa kichwa cha skrubu sawasawa, ikilegea itakitafuna. Na mwili wa randa usiugonge nyundo wala usiuangushe, kwa sababu ni chuma cha kumiminwa kwenye kalibu. Hakipindi, kinapasuka.

Ukishafungua, sugua kila kipande kwa maji ya moto, sabuni na mswaki kuukuu. Utashangaa kiasi cha kilichoonekana kutu kumbe ni grisi iliyoganda na vumbi la mbao. Patasi na visu vya randa, vikiwa bila mipini, vichemshe kwenye sufuria ya maji ya mvua kwa nusu saa, mwaga, weka maji mapya, chemsha tena. Kuchemsha huko kunavuta chumvi kwenye vishimo, na pia kunageuza sehemu ya kutu nyekundu kuwa nyeusi. Joto la maji yanayochemka haliwezi kugusa ugumu wa chuma, liko mbali sana na zile nyuzi 230. Sufuria hiyo isirudi jikoni.

Baada ya hapo kausha na uvitazame tena juani. Vile vyenye ukungu wa kutu tu, visivyo na maganda, havihitaji dawa yoyote. Tia mafuta ya taa, chukua waya laini wa kusugulia masufuria, sugua kufuata urefu wa chuma, futa kwa kitambaa, rudia mara mbili tatu. Umemaliza. Usivitie siki kwa sababu tu umeshainunua.

Kwa patasi zilizokula kutu ya kweli, siki inafaa. Tafuta siki nyeupe ya dukani, ile ya asilimia 5. Siki ya tembo la mnazi inafanya kazi pia, lakini nguvu yake haitabiriki, kwa hiyo ichunguze mara kwa mara. Weka patasi kwenye chombo kirefu cha plastiki, siki izamishe chuma chote. Kikizama nusu, pale mstari wa siki unapogusana na hewa patachimbika mfereji ambao hutaufuta maisha.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami nilikosea nikiwa mwanagenzi. Niliambiwa siki inataka siku tatu. Nikaloweka kisu cha randa cha mwalimu wangu Ijumaa, nikakitoa Jumatatu. Kutu haikuwepo, ila na makali hayakuwepo: ncha ilikuwa imeliwa mbegembege kama jani lililopitiwa na kiwavi. Maelekezo mengi ya siku mbili tatu yametoka nchi za baridi. Kwetu, siki ikiwa kwenye joto la nyuzi 30, inakwenda mbio zaidi. Itoe patasi baada ya saa mbili uitazame, kisha kila saa moja au mbili. Mara nyingi saa nne hadi nane zinatosha, na sijawahi kuona sababu ya kuvuka usiku mmoja. Ukiona povu dogodogo linapanda kwenye chuma ambacho tayari ni safi, siki imemaliza kutu na sasa inakula chuma. Toa hapohapo.

Unapoitoa haitakuwa nzuri. Itakuwa na tope jeusi linaloshika vidole kama masizi ya sufuria. Shika mswaki, sugua chini ya maji, tope linaondoka, na chini yake unaona chuma cha kijivu kilichofifia, kisicho na mng'ao. Geuza upande wa juu, karibu na shingo, sugua polepole. Hapo ndipo herufi huanza kujitokeza moja moja. Kwenye patasi za zamani za Kiingereza utasoma SHEFFIELD, na pengine CAST STEEL. Watu huliona neno hilo la pili wakadhani ni chuma cha kalibu kama mwili wa randa, wakaidharau patasi. Sivyo. Ni chuma cha pua kilichoyeyushwa kwenye chungu, njia iliyobuniwa na Benjamin Huntsman huko Sheffield katika miaka ya 1740, na kinashika makali vizuri mno. Ukiikuta chapa hiyo kwenye sanduku la babu, furahi.

Lakini usisimame kuisoma. Chuma kilichotoka kwenye asidi kiko uchi. Ukikiacha kimelowa dakika tano tu, kinageuka rangi ya chungwa mbele ya macho yako, na kazi ya mchana mzima imekwenda. Kwa hiyo kabla hata hujaloweka, uwe umeshaandaa vitu vinne mezani: maji yenye magadi kidogo, kijiko kimoja kwa lita, maji ya mvua yanayochemka, vitambaa vikavu, na mafuta. Patasi ikitoka kwenye siki inasuguliwa, inatiwa kwenye maji ya magadi dakika kadhaa ili asidi iliyobaki ife, inamwagiwa maji ya moto sana mpaka chuma chenyewe kipate moto. Ukiifuta, unyevu uliobaki unaruka kwa joto lake. Ikiwa bado vuguvugu, ipake mafuta. Hatua hizo zisikatike, hata kama simu inaita.

Kama unapata ule unga mweupe mchachu wanaotumia watengeneza juisi na jemu, asidi ya sitriki, mimi naupenda kuliko siki. Gramu 50 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, haunuki, na ni rahisi kupima nguvu yake. Ukitaka uwe mpole zaidi kwa chuma, weka gramu 100 za unga huo kwa lita, kisha ongeza magadi ya unga gramu 40 hivi, kidogokidogo, ndani ya ndoo kubwa, kwa sababu litafuka povu kama maziwa yanayomwagika. Matone ya sabuni ya vyombo yasaidie kuingia kwenye vishimo. Mchanganyiko huo unashika kutu na kuiyeyusha huku ukali wake kwa chuma ukiwa umepunguzwa. Nao pia utazame kila baada ya saa moja au mbili, usiuamini ukalala.

Ndimu na ukwaju je? Vina asidi, ni kweli, na nyumba nyingi za pwani husafishia sinia za shaba kwa ukwaju. Tumia huo kwa nati za shaba za randa zako, utaona zinavyorudi. Ila wanaoongeza chumvi kwenye ndimu, kwa shaba haidhuru; kwa chuma cha patasi ni kumrudisha adui nyumbani. Soda nyeusi za chupa zina asidi ya fosforiki kidogo sana na sukari nyingi, kunywa tu.

Vitu viwili naomba usivifanye kabisa. Usitumie dawa kali ya kusafishia choo yenye asidi ya hidrokloriki. Mbali na mapafu yako, mvuke wake unatua kwenye kila chuma kilichomo chumbani, na asubuhi utakuta hata misumari mipya imeshika kutu. Na usiruhusu asidi yoyote, hata siki, ikutane na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kwani inatoa gesi ya klorini, na klorini inaua.

Miili ya randa na ile keekee ina kona nyingi ambazo msasa haufiki. Hapo umeme wa 12 volti unafaa sana, na vifaa vyake unavyo au jirani anavyo: ndoo ya plastiki, chaja ya betri ya gari ya aina ya zamani (zile zenye akili ya kujizima huwa zinakataa), vipande vya nondo, na magadi. Kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita nne za maji. Simamisha nondo kuzunguka ndoo, ziunge pamoja kwa waya, zishikwe na kibanio cha chanya. Randa ining'inie katikati bila kugusa nondo, ishikwe na kibanio cha hasi. Usikosee hapo; ukigeuza, randa ndiyo itakayoliwa. Washa, utaona vipovu vyembamba vikipanda kutoka kwenye randa na maji yakigeuka kahawia. Saa sita hadi kumi na mbili, kisha zima chaja kwanza ndipo utie mkono.

Uzuri wa njia hii ni kwamba chuma kizima hakiliwi. Hatari zake ni nyingine. Vipovu hivyo ni haidrojeni, gesi inayolipuka, kwa hiyo iwe nje penye upepo, mbali na jiko na sigara. Usiweke chumvi ya mezani kuharakisha kazi, ile klorini niliyoitaja itatoka hapo pia. Na kwa kuwa magadi ya mawe mara nyingi huwa na chumvi ndani yake, hiyo ni sababu ya pili ya kufanyia nje. Usitumie kijiko wala bomba la chuma kisichoshika kutu badala ya nondo, kwa sababu lina kromiamu ambayo itageuka sumu ndani ya maji. Bati la kuezekea nalo lina zinki, liache. Sehemu za shaba na za aluminiamu zisiingie ndooni. Rangi nyeusi ya kiwandani iliyokwisha kulegea itabanduka, iliyoshika itabaki. Visu, patasi na msumeno mimi siviweki humo, kwa sababu haidrojeni inaweza kuingia kwenye chuma kigumu ikakifanya kiwe chepesi kuvunjika.

Msumeno nao hauendi kwenye siki. Bapa lake ni jembamba, na meno ndiyo membamba zaidi. Asidi inaanza na ncha za meno, ukipoteza hizo umepoteza msumeno. Ulaze mezani juu ya ubao, meno yakitazama mbali nawe. Tia mafuta ya taa, chukua wembe mpya uliobanwa kwenye kishikio, ulaze karibu bapa kabisa na chuma, kisha usukume polepole. Kutu inatoka kama magamba ya samaki. Ukimaliza maganda, zungushia msasa namba 320 kwenye kipande cha mbao, sugua na mafuta ya taa kufuata urefu, kamwe usizungushe, umalizie na 400. Kaa mbali na meno, nenda kwa mkono mwepesi katikati ya bapa. Misumeno ya zamani ina chapa iliyochorwa pale katikati, na huchorwa kwa kina kidogo tu. Mikono kumi ya pupa inaifuta. Ikianza kuonekana kama kivuli, acha kusugua sehemu hiyo.

Turudi kwenye vishimo, kwa sababu hapo ndipo patasi inapoamua kama itafanya kazi au la. Makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana: ule mlalo, yaani upande ulioinama unaounoa, na mgongo ulio bapa. Watu hunoa mlalo mwaka mzima wakasahau mgongo. Mgongo ukiwa na vishimo karibu na ncha, kila kishimo ni pengo kwenye makali, na mbao itakuja na mistari. Bandika msasa namba 220 juu ya kioo kinene, laza mgongo bapa, sugua sentimeta mbili au tatu za mwanzo tu, mpaka pawe sawa. Shimo likiwa refu mno, usimalize chuma kwa kulifuata. Rudisha ncha nyuma kwa tupa laini au kinoo kikavu mpaka upite sehemu iliyotoboka, ukizamisha kwenye maji kila mara isipate moto, kisha tengeneza mlalo upya kwa pembe ya nyuzi 25 hivi. Vishimo vilivyo mbali na ncha haviathiri kitu. Viache.

Na ile patasi ya asidi ya betri? Fanya hivyohivyo. Kwanza iloweke kwenye maji ya magadi usiku mmoja, kwa kuwa asidi bado imo ndani ya vitundu. Chemsha mara mbili. Kisha tazama mgongo kwa mwanga wa pembeni. Patasi za zamani nyingi zina tabaka jembamba la chuma kigumu upande wa mgongo, limeunganishwa na chuma laini juu yake; ukilowesha mlalo uliosuguliwa utaona mstari wa mpaka. Vitundu vikiishia ndani ya lile tabaka, unaweza kusugua ukafika chini yake. Vikiwa vimelipenya lote, ifanye patasi ya kufungulia masanduku na kukwangulia gundi, babu naye lazima alikuwa nayo moja ya hivyo.

Mipini ya mti usiiloweke popote. Kama ina vitundu vya bungua na unga unamwagika, itenge na mingine, maana wadudu watahamia. Iliyo mizima ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, ikauke, kisha ipake mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, kwa tabaka jembamba. Vitambaa ulivyopakia linsidi usivikunje ukavitupa kwenye pipa. Vinapokauka hutoa joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke, au uviloweke majini.

Sasa mafuta ya kukinga. Oili chafu ya gari, ambayo karakana nyingi huipenda kwa kuwa ni ya bure, ina asidi na maji ndani yake, inachafua mbao, na si nzuri kwa ngozi. Mafuta ya alizeti yanageuka gundi. Mafuta ya nazi hayagandi hivyo, lakini yakichacha yanakuwa na asidi, kwa hiyo si ya kuhifadhia. Ninachotumia kila siku ni mafuta ya cherehani, kwenye kitambaa kilichokunjwa ndani ya kopo, napitisha kila kifaa kabla ya kukirudisha. Kwa vya kukaa muda mrefu, yeyusha nta ya nyuki sehemu moja kwa sehemu tatu za mafuta hayohayo, kopo likiwa ndani ya sufuria ya maji, si juu ya moto moja kwa moja. Ikipoa inakuwa laini kama samli. Paka, acha dakika chache, futa. Kama nta haipatikani, mafuta ya mgando ya kujipaka yanafanya kazi hiyo.

Sanduku lenyewe usilirudishe stoo ile. Sakafu ya sementi huvuta unyevu kutoka ardhini, basi liinue juu ya vipande viwili vya mbao. Usifunge vifaa kwenye mfuko wa plastiki, utafungia na unyevu humohumo. Na kila jioni toa maranda ndani ya randa. Maranda hunyonya unyevu wa usiku na kuulaza juu ya kisu. Nimeona randa iliyosafishwa Jumamosi ikiwa na alama nyekundu ya umbo la kipande kimoja cha maranda Jumatatu. Jasho la mkono lina chumvi pia, futa uliposhika. Kipindi cha masika, Machi hadi Mei, fungua sanduku kila wiki hata kama huna kazi.

Nimeiacha tezo mwisho makusudi. Tezo ya mzee aliyeitumia kila siku huwa imejenga ule weusi niliokueleza, umekaa juu ya chuma kama ngozi. Isitiwe siki wala isiwekwe umeme. Ipitishie mafuta ya taa na waya laini mpaka kitambaa kisitoke chekundu tena, noa upande wa ndani tu kama ulivyokuwa, paka nta. Mpini wake pale ulipong'azwa na kiganja cha babu usiuguse kwa msasa. Kichwa kikiwa kimelegea, usikizamishe majini ili mti uvimbe kama wanavyofanya wengi, kwa sababu utasinyaa tena kiangazi na kutu itaanzia ndani ya tundu. Chonga kabari mpya ya mti mgumu uliokauka, igonge mpaka isimame, kisha kata kinachozidi kwa msumeno uliosafisha.